Magari ya Waya ya Turkana: Historia Tunayouza kwa Kilo

Watu wangu wa Katilu, Kainuk, Lokichar, Lodwar mpaka Kakuma, leo tuongee magari. Si Probox, si Land Cruiser za kaunti. Naongelea gari la waya, lile ambalo mtoto analisukuma kwa fimbo ndefu, usukani uko juu, magurudumu ni patipati zilizokatwa, na kichwa chake ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Usicheke kwanza. Nipe dakika kumi, halafu ucheke ukitaka.

Msimamo wangu ni huu: yale magari ni historia ya Turkana iliyotengenezwa na watoto, na hapa kwetu karibu hakuna mtu anayeyaweka. Mgeni akifika Lodwar anauziwa ekicholong, kile kigoda cha kulalia kichwa, na kila mtu anakubali kwamba hicho ni kitu cha utamaduni. Lakini gari la waya likichoka linatupwa, au linaenda kwa watu wa skrapu, linawekwa kwenye mizani pamoja na sufuria zilizotoboka.

Na mimi siongei tu. Nina magari 14 kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mama. Lile kubwa kabisa, ukiliweka chini, linatoka kwenye ncha ya vidole vyangu mpaka begani. Mama ameshaniuliza kama nimeanza kurudi utotoni. Haya ninayoandika leo ni jibu lake pia.

Wenzetu walifanyaje

Hebu kwanza tuende mbali kidogo, kwa sababu kuna kitu cha kujifunza huko.

Marekani, miaka ya 1930, wakati uchumi umeanguka na watu hawana pesa, kulizuka mbio za magari madogo yaliyoitwa "midget". Ni gari halisi, dereva anakaa ndani, ila limefupishwa na kupunguzwa kila kitu. California walianza kuyakimbiza kila wiki mwaka 1933, na mwaka uliofuata wakafungua uwanja wa Gilmore, uliojengwa kwa ajili ya mbio hizo. Watu walijaa. Tiketi ilikuwa rahisi, gari lilikuwa rahisi, na fundi wa gereji ya mtaani aliweza kujenga lake na kuingia uwanjani.

Sasa angalia kilichofuata. Muda si mrefu watu wakaanza kutengeneza vijigari vya mfano vya mbio, vyenye injini ndogo ya petroli, vinavyofungwa kwa waya kwenye nguzo katikati ya uwanja na kuzunguka kwa kasi ya ajabu. Ndugu wa ukoo wa Dooling huko California wakawa na jina kubwa kwenye kazi hiyo. Baadaye ikaja rimoti ya mawimbi ya redio, na wengine wakajenga "midget" za mfano zilizo robo ya gari halisi, zenye injini kama ile ya mashine ya kukatia nyasi. Zile zilizotengenezwa kwa mkono, moja moja, leo ni mali. Mtu anaweza kutoa maelfu ya dola kwa kijigari ambacho babu yake alikiona kama mchezo.

Kwa nini thamani inapanda? Chuma ni chuma tu. Kinachopandisha bei ni kwamba mnunuzi anajua nani alilijenga, mwaka gani, uwanja gani lilikimbia, na injini ilitoka wapi. Gari lina jina na lina ukoo. Ukilitoa jina, linabaki kopo lenye magurudumu.

Hiyo ndiyo tofauti kati yetu na wao. Vitu vya mkono tunavyo. Majina ndiyo hatuandiki.

Mtoto hutengeneza kinachopita mbele yake

Afrika yote hii watoto wametengeneza magari ya waya. Malawi wanayaita galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Mmarekani, Karen Lynn Williams, alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo hilo, kuhusu mvulana anayezunguka kijijini akitafuta waya za kutosha kujenga gari lake. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba sisi ndio tulioanza. Ninachosema ni kwamba kila mahali mtoto anatengeneza gari linalopita mbele yake, na kila mahali ni tofauti.

Chukua sehemu za Kenya ambako Safari Rally ilipita. Mbio hizo zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na kufikia miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa za Wakenya kabisa. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, akarudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Kijana wa Nakuru au Naivasha aliyesimama kando ya barabara wakati wa Pasaka na kumwagiwa vumbi na magari yale, unafikiri akifika nyumbani atakunja waya atengeneze nini? Atatengeneza gari la mbio, alibandike namba mlangoni, na alipige matope ili lionekane limetoka mbali. Hiyo ndiyo "midget" yetu ya Kenya, bila injini na bila tiketi.

Turkana hatukuwa na bahati hiyo. Joginder hakupita Katilu. Kwetu zilipita lori. Ndiyo maana ukifungua sanduku langu utapata gari moja tu la mbio, na hilo lilitengenezwa na kijana aliyesomea Kitale. Mengine 13 ni lori, matanki, gari za polisi na basi moja.

Barabara yenyewe ina hadithi

Ili uelewe kwa nini lori ni kitu kikubwa hapa, lazima ujue tulikotoka.

Wakati wa mkoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Serikali ilituona kama mahali pa kuficha watu. Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa mwaka 1953, walipelekwa Lokitaung, huko juu kaskazini. Mwaka 1959 yeye akaletwa Lodwar akae chini ya ulinzi, na ndio 1961 akahamishiwa Maralal. Walichagua huku kwa sababu huku hakukuwa na njia ya maana ya kutokea. Gari lilikuwa la serikali, na likija lilimaanisha kodi, askari au mfungwa.

Mtoto wa zamani aliyekua kwenye boma alicheza na mawe na udongo. Jiwe hili ng'ombe, lile ngamia, yale madogo mbuzi. Alitengeneza kilichopita mbele yake, na kilichopita mbele yake kilikuwa mifugo.

Halafu mambo yakabadilika. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba ya kumwagilia yaliwekwa kando ya mto Turkwel, na Katilu yetu ni mojawapo, kwa ajili ya watu waliopoteza mifugo kwa ukame. Ndiyo maana Katilu kuna Waturkana wa jembe, jambo ambalo ndugu zetu wa Loima huwa wanatutania nalo mpaka leo. Mwaka 1980 ukaja ukame na ugonjwa wa mifugo, ule mwaka ambao wazee wanauita Lopiar, uliofagia kila kitu. Serikali na wafadhili wakaanzisha mpango mkubwa wa chakula cha msaada. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1980, kwa msaada wa Norway, barabara ya kutoka Kitale kuja Lodwar ikapata lami.

Weka hayo mawili pamoja: njaa na lami. Sasa lori zinakuja mfululizo, na kila lori limebeba chakula. Mtoto wa wakati huo alijifunza kwamba uhai unakuja na magurudumu. Ng'ombe wamekufa, lori limefika. Kwani wewe ungetengeneza nini?

Mzee mmoja jirani yetu hapa Katilu aliniambia kwamba kabla ya Lopiar hakumbuki kuona mtoto akisukuma gari la waya, lakini baada ya hapo kila mtoto alikuwa nalo. Hayo ni maneno ya mzee mmoja, yachukue hivyo. Lakini yanaingia akilini. Lori ndizo zilizoleta mikebe, na bila mkebe hakuna kichwa cha gari.

Mkebe wa mafuta

Unaujua mkebe ninaousema. Wa pembe nne, lita nne, rangi ya fedha, herufi USA kubwa, na alama ya mikono miwili inayoshikana. Umeandikwa kwa Kiingereza kwamba si wa kuuzwa wala kubadilishwa. Watu wa Kakuma waliukunjua wakatengeneza milango, madirisha na paa. Kuna nyumba kambini ambayo mlango wake wote ni mikebe iliyopigwa ikalala, herufi zikitazama juu chini.

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Mengistu ilianguka Ethiopia na wakimbizi wa Sudan waliokuwa huko wakalazimika kutoka. Kati yao kulikuwa na maelfu ya wavulana wasio na wazazi, waliotembea kwa miguu mpaka wakafika kwetu. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1989, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanzisha kazi ya kupeleka msaada Sudan Kusini, na Lokichoggio ikawa mji wa ndege na lori. Kwa hivyo miaka ya 1990 barabara yetu ilikuwa moja ya njia kubwa za msaada Afrika Mashariki, wakati wenyewe tunachunga mbuzi kando yake.

Yale magari yangu manne kutoka Kakuma, ukiyageuza uone tumboni, utasoma maneno kama kitabu. Moja lina nusu ya ile mikono inayoshikana: mkono mmoja uko mlangoni, wa pili umekatwa. Aliyelitengeneza hakuwa anafanya siasa. Alihitaji kipande cha kutosha mlango, basi. Lakini leo ukiliangalia, linakuambia mengi kuhusu msaada kuliko ripoti nyingi.

Na hapa ndipo ninaposema kwamba muda unatuishia. Mwaka 2015 Kakuma ulianza mpango wa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao inakuja kwa simu na mtu ananunua dukani. Kitu kizuri, mtu anachagua mwenyewe atakachopika. Lakini mafuta ya dukani yanakuja kwa chupa na jerikeni za plastiki, na plastiki haikunjwi ikawa kichwa cha lori. Kisha mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la USAID, na mgao wa Kakuma ukapunguzwa mwaka huo huo mpaka watu wakaandamana. Njaa yenyewe ni jambo kubwa kuliko gari la mtoto, sitaki mtu aseme sijui hilo. Lakini ile mikebe yenye maandishi ya shirika ambalo halipo tena sasa ni kama pesa za zamani. Iliyobaki ndiyo hiyo hiyo. Na inazidi kupungua kila siku kwenye mizani ya skrapu.

Matanki ya 2018

Kuna lingine ambalo vijana wa rika langu tunalikumbuka vizuri.

Mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012, kisima kikaitwa Ngamia 1. Tarehe 3 Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta akaja kuaga lori za kwanza za kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kabla mwezi haujaisha, wananchi wakafunga barabara. Walisema hakuna usalama, watu wanauawa na mifugo inaibiwa, na bado mafuta yao yanapita tu. Lori zikasimama mpaka Agosti. Mwaka uliofuata, Agosti 2019, mapipa 200,000 yakauzwa nje kwa dola milioni 12. Baada ya hapo kimya.

Mwaka ule wa 2018 watoto wa hapa walibadilisha mtindo. Lori la kubeba magunia likaacha kutengenezwa, likaja tanki: mkebe wa mviringo wa maziwa ya unga umelazwa kwenye fremu ya waya, magurudumu mengi nyuma. Nina mawili ya aina hiyo. Na mchezo wenyewe ulibadilika. Wengine wanaendesha matanki, wengine wanaendesha gari za polisi mbele na nyuma, na wengine wanapanga mawe njiani wanasema, "Hapiti mtu hapa." Mchezo wote wa siasa ya mafuta ulichezwa kwenye mchanga na watoto wa darasa la tatu.

Ule mchezo wa kusindikizwa na polisi haukuanza na mafuta, kusema ukweli. Barabara ya Kainuk kwenda Marich imekuwa na miaka ya risasi, magari yakingojana yaende kwa msafara na askari. Mtoto wa Nairobi akicheza gari anacheza kasi. Mtoto wa kwetu anacheza msafara. Mimi nilipocheza, gari la mbele likisimama wote tulisimama, na tuliona ni sheria ya kawaida ya barabara duniani kote.

Jinsi linavyojengwa

Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi, acha nieleze, maana huu ni ufundi.

Unaanza na fremu. Waya bora ni ule mgumu wa seng'enge au wa kufungia nguzo, unaukunja kwa koleo au kwa mawe mawili. Viungo havichomelewi. Vinafungwa kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, vikivutwa mpaka vinauma. Hiyo raba ndiyo siri, kwa sababu gari likigonga jiwe kiungo kinacheza kidogo kisha kinarudi. Ukifunga kwa waya tupu, kinakatika.

Magurudumu yanakatwa kwenye soli ya patipati, mviringo wake ukichorwa kwa kifuniko cha chupa au mdomo wa kikombe. Lori kubwa kabisa linapata magurudumu ya akala, yaani tairi la gari halisi linakuwa kiatu, kiatu kinakuwa tena tairi la gari. Springi unatengeneza kwa vipande vya bati vilivyopangwa juu ya kimoja, kirefu juu, kifupi chini, sawa kabisa na ilivyo kwenye lori lenyewe. Mtoto hakufundishwa hilo shuleni. Alilala chini ya lori lililoharibika Kalemngorok, tanboi akigonga gonga, na yeye akiangalia.

Halafu usukani. Waya mrefu unashuka pamoja na fimbo mpaka ekseli ya mbele, na kule chini umekunjwa kama kiwiko. Ukizungusha usukani juu, kile kiwiko kinasukuma ekseli kushoto au kulia. Fimbo ina urefu wa mita moja na kitu, ili mtoto akimbie wima bila kuinama. Wamarekani wana rimoti ya redio, sisi tuna fimbo. Kazi ni moja: kuendesha gari ukiwa nje yake.

Na tusidhani ufundi umesimama hapo. Kakuma na Lodwar nimeona vijana wakichomoa mota kwenye redio kaseti mbovu, wanaiunga na betri, na gari linakwenda lenyewe huku wakilishika kwa waya mrefu wenye swichi. Mmoja wao nilimuuliza kwa nini ekseli ya nyuma imefungwa raba mara mbili. Akaniambia mota inavuta kwa nguvu mwanzoni, bila hiyo fremu inapinda. Hilo ni jibu la injinia. Ana miaka 13.

Nani anakusanya, na anakusanyaje

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Kuna watu wanaoyanunua magari haya. Wageni, wafanyakazi wa mashirika, watalii wachache wanaofika ziwani. Sina ugomvi nao. Mtoto amepata mia mbili, mgeni amepata kumbukumbu. Lakini gari hilo likifika Ulaya linawekwa juu ya rafu, na mtu akiuliza limetoka wapi, jibu ni "Afrika". Hakuna jina la mtoto, hakuna mwaka, hakuna Katilu. Kesho mwenye rafu akifariki na vitu vyake vigawanywe, litakuwa "kichezeo cha Afrika, mtengenezaji hajulikani". Kumbe anajulikana vizuri sana. Yuko hapa sokoni, anaendesha bodaboda.

Wengine watasema, na wameshaniambia: wewe unawanyang'anya watoto vichezeo. Gari la waya limetengenezwa ili lichezewe mpaka livunjike, ukiliweka kwenye sanduku umeliua. Hoja hii naiheshimu. Kitu cha kuchezewa kikikaa bila kuguswa, kimepoteza nusu ya maana yake. Lakini ekicholong nayo ilitengenezwa ya kulalia, na bado tunafurahi kwamba kuna zilizowekwa. Hakuna anayesema tukusanye yote. Kati ya mia, weka moja. Yale 99 yaende yakagonge mawe.

Mimi nina sheria zangu, na nazitaja hapa ili mtu aziboreshe. Ya kwanza, sichukui gari ambalo mtoto bado analichezea. Nangoja alichoke, au namlipa atengeneze lingine kama hilo, na bei anaisema yeye mbele ya mzazi wake. Ya pili, naandika karatasi: jina la aliyelitengeneza, kijiji, mwaka, waya ulitoka wapi, mkebe ulitoka wapi, na alikuwa anaiga gari gani. Karatasi inakaa pamoja na gari. Jina la mtoto silirushi mtandaoni, hilo ni la karatasi. Ya tatu, silirekebishi. Gurudumu likiwa limepotea, limepotea. Ya nne, nampiga video akieleza alivyolijenga, kwa Kiturkana au lugha yoyote anayoitaka, na nakala inabaki nyumbani kwao.

Ile sehemu ya kuuliza mkebe ulitoka wapi ndiyo inayotoa hadithi. Mtoto anakwambia, "Ule wa mama alipewa mwaka ule baba alienda Lokichar." Umeuliza kopo, umepewa familia.

Kitale walianza na mtu mmoja

Mtu ataniambia kazi hii ni ya serikali, au ya makumbusho ya taifa. Sawa. Lakini angalia makumbusho ya Kitale yalivyoanza. Kulikuwa na mwanajeshi mstaafu Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya watu kwa miaka mingi, kwa sababu alipenda tu. Alifariki 1966. Mkusanyiko wake ndio uliozaa makumbusho yaliyofunguliwa 1974, na leo wanafunzi wetu wanapelekwa huko kwa basi kuona vitu vya Waturkana.

Mtu mmoja, na alikuwa mgeni, na alikusanya alichokiona yeye kuwa cha maana. Sisi ni wenyeji na tuko wengi. Kama tunangoja barua kutoka Nairobi ituambie kwamba lori la mkebe ni historia, tutangoja mpaka mkebe wa mwisho uyeyushwe.

Mwaka 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya skrapu kwa miezi michache, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, niliona kitu cha ajabu. Magari ya zamani yalirudi. Watu hawakuwa na pa kuyauza, wakayaacha kwa watoto, na watoto wadogo wakachezea magari yaliyotengenezwa na kaka zao wakubwa. Manne kati ya yale 14 niliyapata kipindi hicho. Marufuku yalipoondolewa, mizani ikarudi sokoni, na ndani ya wiki chache hayakuonekana tena. Hiyo ndiyo kasi ya historia yetu kupotea. Haihitaji vita, inahitaji mizani tu.

Kwa hivyo ombi langu si kubwa. Shule za msingi za Katilu, Lokichar, Lodwar na Kakuma zina kabati za ofisini zenye vikombe vya michezo. Kila shule iweke rafu moja. Kila mwaka watoto wachague wenyewe gari moja bora, liwekwe pale na karatasi yake. Gharama yake ni ubao na misumari. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na magari kumi yanayoonyesha nini kilipita barabarani kila mwaka: lori la chakula, tanki la mafuta, bodaboda, ama kitu ambacho bado hatujakijua. Lodwar siku ikipata makumbusho ya maana, vitu vitakuwa vimeshapangwa, vinangoja mlango ufunguliwe.

Nimeshaongea na mwalimu mmoja hapa karibu. Amekubali kutoa rafu, ila amesema magari ya kwanza yatoke kwangu. Nimekubali kumpa matatu: tanki la 2018, lori la Kakuma lenye ule mkono mmoja, na lile gari pekee la mbio. Mama amefurahi kwamba sanduku litapungua. Na wewe kama una gari la waya limelala juu ya paa la jikoni kwenu, lishushe leo, tafuta aliyelitengeneza, umuulize. Kalamu na karatasi tu. Mstari wa kwanza uandike jina lake.